Majina Yaliyolala Chini ya Rangi

Siku ya kuniaga, patron, mwenye karakana yetu ya mabango, alinishikisha glasi akaniuliza kama nina neno kwa vijana wa karakana. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na magoti yananiuma, nikasema sina neno, kuleni keki. Sasa nimekaa nyumbani wiki kadhaa, mke wangu amechoka kuniona nikirekebisha milango isiyoharibika, na neno limekuja. Lisomeni mkipata nafasi. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo sikuwa navyo, na mishahara yetu mnaijua.

Nilifika Brussels kutoka Lubumbashi nikiwa tayari fundi wa mabango. Hilo napenda lieleweke, maana hapa wengi walidhani kazi nilijifunzia kwao. Kwetu nilikuwa nimewachorea vinyozi, mabaa, mafundi wa pikipiki na wauza dawa. Kule bango lisilo na picha si bango. Kinyozi anataka kichwa kilichonyolewa vizuri, muuza mikate anataka mkate, na ukitaka kumfurahisha mwenye duka, yule mtu wa kwenye picha unampa sura yake mwenyewe. Wapita njia wakisema, "Ah, patron, njo wewe huyu!", yaani ndiwe hasa, basi hata akikucheleweshea malipo anakucheleweshea akiwa anacheka.

Aliyenipokea karakanani alikuwa Monsieur Jef. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mzaliwa wa Brussels, mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha, fundi mtoto wa fundi. Karakana yetu ya Molenbeek, hapo karibu na mfereji, alikuwa ameifahamu tangu akiwa anatambaa. Alitazama mikono yangu kabla ya kutazama karatasi zangu. Akanipa brashi, akaniambia niandike herufi R kwenye ubao. Nikaandika. Akaitazama, akazunguka akaitazama kwa upande mwingine, akasema, "Ça va, fieu," yaani si mbaya, kijana. "Unaweza kufagia." Nikafagia hadi baridi ikaja ikaondoka.

Kazi ya kwanza aliyoniachia ilikuwa dirisha la mtu wa mazishi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Jina la familia na neno "Funérailles", basi, kwa rangi nyeupe. Niliandika vizuri. Halafu nikaona kona ya chini iko tupu, na moyo wangu wa Lubumbashi ukanisukuma. Nikachora jeneza zuri, limefunguliwa, lina maua, na ndani yake marehemu aliyevaa suti, amepumzika kwa amani. Na kwa kuwa nilitaka kumheshimu mwenye duka, marehemu nilimpa sura yake. Ndevu zake, miwani yake, kila kitu. Yule bwana alitoka nje akasimama mbele ya kioo. Nilimngoja acheke. Rangi ilimtoka usoni, akaingia ndani, akampigia simu Monsieur Jef.

Monsieur Jef alikuja kwa miguu. Alitazama dirisha, akamtazama mwenye duka kupitia kioo, akageuka kuelekea barabarani, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi nimpige mgongoni. Kisha akachukua kitambaa chenye petroli akaifuta picha yeye mwenyewe. Aliniambia kitu kimoja tu: huku watu wanapenda kusoma jina, picha wanajichorea wenyewe kichwani. Sikukubaliana naye siku hiyo. Hata leo nakubaliana naye nusu.

Sasa niwaambie jambo ambalo hamtalipata kwenye mashine yenu ya kukata herufi za plastiki. Kabla ya kufunika jina la zamani, Monsieur Jef alifanya mambo mawili. La kwanza, alilipaka vanishi ya rangi ya asali, gomme-laque, matabaka mawili, likauke. Vanishi hiyo inalaza jina la chini na kulilinda na rangi mpya. Miaka ikipita, mtu akitaka, anaweza kuyeyusha vanishi kwa spiriti, rangi ya juu ikaachia, na jina la chini likaamka salama. Mafundi wengine walikwangua kwa msasa na kumaliza. Yeye alisema msasa ni wa watu wenye haraka ya kwenda wapi, sijui.

La pili, alilitamka. Alisimama kwenye ngazi, brashi mkononi, akalisoma jina la zamani kwa sauti ya kawaida, kisha akaanza kulifunika. Mara ya kwanza niliogopa. Kwetu jina la marehemu haliitwi ovyo. Nilimpelekea mchungaji wetu swali hilo, akafikiri, akasema ubao hauna roho, tamka tu, ila usiombe kitu. Nilipomwuliza Monsieur Jef sababu, alisema baba yake alifanya hivyo. Nilipozidi kumsumbua akasema, "Mtu akienda kulala, unamwambia usiku mwema. Ama huko kwenu hamwambiani?"

Hivyo ndivyo nilivyoujua mji huu, kutoka chini kwenda juu. Pale Molenbeek panapouzwa simu, chini yake pana muuza makaa. Kule karibu na Flagey kuna duka la miwani, na chini ya miwani kuna chama cha akiba cha mafundi waashi, na chini ya hicho, nyumba ya kuogea watu wasio na bafu nyumbani. Kulikuwa na shule ya kushona, kiwanda cha kofia, muuza nywele za bandia wa enzi ambazo Wazungu ndio waliozivaa. Nani anawakumbuka? Hata wajukuu zao hawajui. Nilikuwa natembea mitaani na mke wangu namwambia, hapa palikuwa na hiki, pale palikuwa na kile, mpaka akaniomba siku moja tutembee tu kama watu wengine.

Kazi ya kwanza niliyofanya peke yangu kuanzia chaki hadi mwisho ilikuwa mtaa wa Saint-Josse, kwa Maman Bernadette. Alikuwa mjane wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, amepanga duka dogo afungue restaurant. Alitaka ubao wa juu ya dirisha uandikwe "Chez Bernadette", yaani kwa Bernadette, na chini yake, "Nyumbani". Monsieur Jef alikuja kunionyesha ubao kabla sijaugusa. Aliweka kiganja juu yake akaniambia kilichomo ndani. Juu kabisa, bucha la Mturuki mmoja, aliyekuwa amerudi kwao. Chini ya bucha, fundi wa redio. Na chini kabisa, Ganterie Adèle, duka la glavu za kike, herufi za dhahabu zenye kivuli cha bluu.

"Hizo ni za mkono wa baba yangu," alisema. "Usikwangue."

Sikukwangua. Nilipaka vanishi, nikamtamka Mturuki, nikaandika. Na Maman Bernadette akasimama chini ya ngazi akauliza, "Na samaki yangu iko wapi?"

"Samaki gani, Maman?"

"Papa Faustin, we ni mutu ya Congo ao? Restaurant bila samaki? Batu batajuaka je kama kuko chakula?"

Nilimchorea sambaza watatu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mwishoni mwa neno "Nyumbani". Monsieur Jef alipokuja kukagua alipanda ngazi akawatazama samaki mmoja mmoja, nikajua leo nafutwa tena. Akasema samaki wamechorwa vizuri, tuwaache.

Mahali pale palikuwa zaidi ya restaurant, na kila mtu wa Kivu wa mji huu analijua hilo. Waliotoka kwenye vita, waliofika na mfuko mmoja wa nailoni na karatasi za wakimbizi, wakiuliza mtu yeyote mweusi kituoni, walielekezwa pale. Alikuwa anawapa sombe ya majani ya muhogo na fufu kwanza, maswali baadaye. Nyuma ya mlango wa jikoni palining'inia makoti ya baridi ya kila saizi, na aliyepata kazi alirudisha koti au alileta jingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Yeye alipona kwa kuwa na watu, maana watoto wake walikuwa wamekwenda kuishi mbali.

Monsieur Jef alifariki. Nilishika brashi zake, na kile kifimbo chake chenye kichwa cha ngozi cha kuegemeza mkono, ambacho nimekiacha kabatini kwenu, msikifanyie mchezo. Halafu plastiki ikaja. Sina ugomvi na plastiki. Mteja anaitaka leo, anaipata leo, na ikichakaa anaing'oa anabandika nyingine, hakuna kinacholala chini. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa zaidi mtu wa kushika ngazi na kuchungulia kama mstari umenyooka. Asubuhi nilivaa viatu nikiwa nimeshachoka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka tu, kama ninavyowaambia.

Mwaka wangu wa mwisho, mwenye nyumba ile ya Saint-Josse aliiuza. Miguu ya Maman Bernadette ilikuwa imeanza kumkatalia, na watoto wake wakamtafutia chumba katika nyumba ya wazee huko Evere. Walionunua walikuwa kijana na mkewe, watu wa adabu, waliotaka kufungua café. Katika picha za zamani za mtaa walikuwa wameona Ganterie Adèle. Wakamjia patron, wakamwuliza kama inawezekana ile dhahabu ikaonekana tena. Patron akaniita. Hakukuwa na mwingine aliyeijua vanishi ya Monsieur Jef.

Tulikwenda kuutazama ubao pamoja nao. Niliwauliza kama wanajua jina la juu ni la nani. Yule mke alijibu kwa upole kwamba anadhani ilikuwa restaurant, na kwamba wao walitaka kuurudishia mtaa historia yake. Historia yenyewe ilikuwa bado imekaa ndani, inamenya vitunguu kwa ajili ya wateja wa wiki ya mwisho.

Niwaambieni ukweli, nilitamani kukataa. Lakini chini kabisa palikuwa na mkono wa baba yake Monsieur Jef, na mimi kazi nilipewa na Monsieur Jef. Nikikataa, angeletwa mtu wa mashine ya kupuliza mchanga, na mchanga haujui Adèle wala Bernadette. Nikikubali, mkono wangu ndio utakaomwondoa mwanamke ambaye nusu ya rafiki zangu walikula kwake chakula cha kwanza cha Ulaya. Nililala vibaya, nikaenda kumwambia mwenyewe. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kiti, kisu mkononi.

"Bon," alisema, baada ya kunisikiliza. "Na ile ya gants, ya glavu, iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, Maman."

"Nani alikaa hapa sana, miye ao huyu mutu wa gants?"

"Ni wewe, Maman. Unapita yeye, unapita mutu wa redio na boucher."

"Alors njo miye banaondoa." Aliendelea kumenya. Kitunguu kilikwisha, akachukua kingine. "Papa Faustin, haiko bizarre, haiko ya ajabu, kuzeeka. Evere nitaenda, kule kuko batoto ba Goma banatumikaka, batanisafisha muzuri. Lakini sikia. Siku moja mutoto wa Bukavu atafika na mufuko yake, atauliza Chez Bernadette ni wapi. Batamwambia haikukuwaka hapa hata siku moja. Batamwonyesha gants."

Hapo kisu kilisimama. Sikuwa nimewahi kumwona analia, na hata siku hiyo alijitetea kuwa ni kitunguu.

Ndipo nikamwambia kuhusu kitambaa. Monsieur Jef alinionyesha mara moja tu, kwenye bango la kiwanda cha bia. Unapika gundi ya ngozi ya sungura, unabandika kitambaa chepesi juu ya maandishi, unangoja kikauke. Kisha unapitisha spiriti pembeni polepole, inaingia chini, inayeyusha vanishi, nawe unavuta. Kukiwa na bahati rangi yote inakuja na kitambaa, nzima, kama ngozi ya maziwa. Unaibandika kwenye ubao mwingine, unakiosha kitambaa kwa maji ya vuguvugu kinatoka, jina linabaki. Nilisema kukiwa na bahati. La kiwanda cha bia lilitoka nusu.

"Kitambaa ya namna gani?" aliuliza.

"Ya pamba, Maman. Ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi."

Alinyanyuka kwa shida, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha meza. Kilikuwa cheupe siku moja. Madoa ya mawese yalikuwa yamegoma kutoka kwenye kona mbili. "Hii bamelia juu yake sana," alisema. "Itakamata."

Nilibandika siku moja kabla. Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mawingu, barabara imejaa watu wanaokwenda sokoni. Wanunuzi walikuja na simu zao kupiga picha. Maman Bernadette alitoa kiti nje, akakaa kando ya mlango, amevaa pagne, kitenge cha kwenda misani, na koti moja la yale ya nyuma ya mlango. Sikumwambia aje. Nilipanda ngazi, magoti yakinilaumu kila daraja.

Nilipofika juu nikakwama. Monsieur Jef alinifundisha kutamka jina linapofunikwa. Jina linapoondolewa, je? Hakuwahi kusema, na mimi sikuwahi kuuliza. Na majina yote niliyoyatamka yalikuwa ya watu waliokwisha kuondoka. Chini wale vijana walikuwa wananingoja. Nilishika kona ya kitambaa. Niliona aibu kidogo, mzee mzima kwenye ngazi, lakini kunyamaza kungekuwa aibu zaidi. Nikasema, kwa sauti ya kawaida:

"Chez Bernadette. Nyumbani."

Na nyuma yangu, kutoka kwenye kiti, kwa ile sauti ya kwaya, ikaja:

"Niko."

Niliegemeza paji la uso kwenye ubao kidogo. Kisha nikavuta, kidole kwa kidole, spiriti ikinichoma macho, ndivyo nilivyomwambia patron baadaye. "Chez Bernadette" ilikuja yote. "Nyumbani" ilikuja, ila herufi ya mwisho ilipasuka katikati. Sambaza wawili walikuja. Wa tatu aligoma, akabaki amejibandika kwenye herufi B ya bucha.

Siku zilizofuata nilimtoa Mturuki, nikamtamka. Nikamtoa fundi wa redio, nikamtamka. Hapo sikuwa na kitambaa cha meza cha mtu, spiriti ililegeza rangi tu ikaanguka chini, nikaifagia, kama nilivyoanza. Halafu Adèle akaamka. Dhahabu ilikuwa na nyufa, lakini kivuli cha bluu kilikuwa kizima, na nilipoiona ile R ya Ganterie, mguu wake ulivyopinda, niliijua mara moja. Ndiyo R ambayo Monsieur Jef alikuwa anaitafuta kwangu siku ya kwanza. Nililia, na sitasingizia spiriti mara ya pili. Wale vijana walipiga makofi. Si watu wabaya. Café yao ina kahawa nzuri, na watu husimama nje kupiga picha za glavu.

Kule Evere, juu ya mlango wa chumba kilicho mwisho wa korido, kuna ubao mrefu kuliko mlango wenyewe, wenye jina nililolihamisha na sambaza wake wawili. Mkuu wa nyumba alilalamika juu ya usalama wa moto, kisha akazoea. Wale mabinti wa Goma wanaofanya kazi pale huwaambia wageni, pita, uliza Nyumbani. Na kijana mmoja wa Bukavu aliyefika na mfuko wake alielekezwa Saint-Josse, akakuta glavu. Muuza kahawa, yule mke mwenye adabu, akamchorea njia ya kwenda Evere kwenye kitambaa cha karatasi. Maman Bernadette hana jiko tena. Alimpa biskuti za chai ya saa kumi, na koti.

Basi, vijana. Brashi ziosheni, msiache zikauke zikitazama chini. Plastiki endeleeni nayo, sina la kusema. Lakini siku mtakapoing'oa ya mtu, hata kama ni ya duka la simu lililodumu msimu mmoja, isomeni kwanza kwa sauti. Nimetamka majina mengi sana kwenye kuta za mji huu, miaka yangu yote ya kazi, nikitazama mbao. Moja tu ndilo lililoitika.